Waswisi Waliipigia Kura Reli Yao, Sisi Tunaambiwa Tupige Makofi

TAHARIRI



Tangu treni ya umeme ianze kukimbia kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na mwezi uliofuata ikafika Dodoma, magrupu yetu ya WhatsApp hayajatulia. Kila baada ya siku chache kuna kijana wa Karatu au Ngorongoro anatupia video: mabehewa yanang'aa, abiria amekaa dirishani na soda yake, nje miti inapita mbio. Chini ya video swali ni lile lile: "Na sisi lini?" Mmoja anajibu, "Subiri mjukuu wako aote mvi." Na machawa nao hawakosekani, wanatukumbusha tushukuru kwanza, eti mama anaupiga mwingi.

Tuseme ukweli, treni ile ni nzuri. Safari ya Dodoma iliyokuwa inakula siku nzima kwenye basi sasa ni saa tatu na nusu hivi. Hatuna sababu ya kuibeza. Imejengwa kwa kodi zetu na kwa mikopo ambayo tutailipa wote, pamoja na mkulima wa vitunguu wa Mang'ola ambaye hajawahi kuiona treni yoyote kwa macho yake.

Ila hilo swali la "na sisi lini?" lina kasoro. Ni swali la mtu aliyekaa barazani anasubiri kupewa. Swali la mwananchi ni jingine: nani anaamua reli ipite wapi, ibebe mzigo wa nani, ijengwe kwa mkopo wa nani? Na huyo aliyeamua akikosea, nani anaweza kumwambia hapana?

Kuna nchi moja ndogo ya Ulaya imelijibu swali hilo kwa zaidi ya miaka mia moja. Twende huko kidogo, halafu turudi nyumbani.

Mwisho wa reli, Arusha

Kabla hatujasafiri, tukumbuke reli yetu ya kaskazini ilifikaje hapa ilipo. Wajerumani walianza kuijenga Tanga mwaka 1893. Kampuni iliyopewa kazi ikaishiwa pesa, na mwaka 1899 serikali ya Ujerumani ikaichukua. Ikafika Korogwe 1902, Mombo 1905, Moshi 1911. Haikujengwa ili Msambaa amtembelee shemeji yake Mchaga. Ilifuata mashamba ya walowezi, mkonge na kahawa, na kupeleka mali bandarini. Waingereza wakaisogeza hadi Arusha mwishoni mwa miaka ya 1920.

Hapo ikasimama. Karibu miaka mia sasa, ukitoka Arusha kuelekea magharibi huoni taruma hata moja. Monduli hakuna. Karatu hakuna. Ngorongoro hakuna.

Baada ya uhuru reli ikabadilishwa mikono mara kadhaa. Ilikuwa ya Afrika Mashariki hadi Jumuiya ilipovunjika 1977, ndipo likaundwa Shirika la Reli Tanzania. Miaka ya mwanzo ya 1990 treni ya abiria ya Arusha ikafa. Mwaka 2007 reli ikakodishwa kwa ubia na kampuni ya RITES ya India, wenzetu wakichukua asilimia 51. Ubia ukawa shubiri, wafanyakazi wakagoma, na mwaka 2011 serikali ikairudisha mikononi mwake. Mwaka 2017 sheria mpya ikaunda tena shirika la reli. Oktoba 2020 treni ya abiria ikaingia Arusha kwa mara ya kwanza baada ya takriban miaka thelathini, na watu wazima wakatoka nje na watoto wao kwenda kuitazama.

Sasa hesabu pamoja nasi. Reli hiyo imekuwa ya mkoloni, ya Jumuiya, ya shirika, ya mbia na ya shirika tena. Ni mara ngapi katika safari hiyo yote mwananchi aliulizwa anataka nini? Hata mara moja.

Nchi inayolingana na mkoa wetu

Uswisi ina ukubwa wa kilomita za mraba 41,000 na kidogo. Mkoa wa Arusha una kama 37,000. Yaani nchi nzima ya Uswisi inauzidi mkoa wetu kidogo tu. Sehemu yake kubwa ni milima ya Alps. Haina bahari, haina mafuta, haina dhahabu ya kujivunia. Lakini ina reli ya zaidi ya kilomita 5,000, karibu yote inatumia umeme. Mkoa wetu una kipande kinachoingia kutoka Kilimanjaro na kuishia mjini Arusha.

Najua kuna mtu tayari anaandika komenti: "Acheni hizo, Uswisi ni matajiri." Leo ndiyo. Lakini walipoanza reli hawakuwa hivyo. Karne ya 19 Waswisi walikuwa wanakimbia njaa, familia kwa familia, kwenda Marekani na Brazil kutafuta maisha. Reli yao ya kwanza ya ndani, kutoka Zürich hadi Baden, ilifunguliwa 1847. Wakati huo Waingereza na Wajerumani walikuwa wameshawaacha mbali.

Na walianza vibaya, kama sisi. Sheria ya mwaka 1852 iliziachia kampuni binafsi na majimbo kazi yote ya kujenga reli. Kila kampuni ikavuta upande wake. Wakaibuka vigogo wa reli, mkubwa wao Alfred Escher wa Zürich. Huyu alikuwa mbunge, alikuwa bosi wa reli, na mwaka 1856 akaanzisha benki ya kukopesha hizo hizo reli. Mtunga sheria, mwenye mradi na mwenye pesa, wote watatu mtu mmoja. Watu wa namna hiyo sisi hatuhitaji kwenda Zürich kuwatafuta.

Handaki la kwanza la Gotthard, kilomita 15 chini ya mlima, lilichimbwa kati ya 1872 na 1882. Sehemu kubwa ya pesa ilitoka Italia na Ujerumani. Wachimbaji wengi walikuwa vibarua wa Kitaliano. Mwaka 1875 wakagoma kwa sababu ya moshi, hewa chafu na ujira mdogo. Wakaletewa wanamgambo wenye bunduki, wanne wakauawa. Hadi kazi inakwisha, karibu watu 200 walikuwa wamekufa, na mkandarasi mwenyewe, Louis Favre, alianguka na kufa mle mle ndani mwaka 1879.

Kwa hiyo tusidanganyane kwamba kuna nchi zilizozaliwa na utaratibu mzuri. Vigogo, madeni, mikopo ya nje na vibarua kupigwa risasi, vyote walivipitia. Tofauti ilikuja pale wananchi walipoanza kuidai reli kwa karatasi ya kura.

Februari 20, 1898

Katiba ya Uswisi inampa raia kitu ambacho sisi hatuna. Bunge likipitisha sheria na nyie hamuitaki, mnakusanya sahihi. Siku hizi ni sahihi 50,000 ndani ya siku 100. Mkizifikisha, sheria inasimama mpaka nchi nzima iipigie kura. Kelele za bungeni haziiokoi, wala rais hawezi kuilazimisha.

Ilipofika miaka ya 1890, watu walikuwa wamechoshwa na kampuni za reli: nauli za juu, ratiba zisizoelewana, faida inayoishia mifukoni mwa wenye hisa, wengi wao wa nje. Likaja wazo la taifa kuzinunua. Mwaka 1891 wananchi waliulizwa kuhusu kununua kampuni moja, wakakataa. Bei na mpango havikuwaridhisha. Serikali ikarudi kujipanga upya. Tarehe 20 Februari 1898 wakaulizwa tena, safari hii kuhusu kampuni kubwa zote. Kaulimbiu ya waliounga mkono ilikuwa nyepesi: reli za Uswisi kwa watu wa Uswisi. Zaidi ya theluthi mbili wakasema ndiyo. Mwaka 1902 shirika la reli la taifa likaanza kazi.

Tusiwapambe kupita kiasi. Waliopiga kura siku ile walikuwa wanaume tu, wanawake wa Uswisi walingoja hadi 1971 kupata haki hiyo kitaifa. Na wananchi kuamua si kinga ya makosa. Mji wa Winterthur uliingia kwenye mradi wa reli iliyoitwa ya wananchi ya kupambana na vigogo. Reli ikafilisika 1878 na mji ukabaki unalipa deni kwa miongo mingi. Lakini hata kosa lile lilikuwa lao. Walijua lilitokeaje, nani alilisaini na nani wa kumuuliza. Ndiyo maana walipofika 1891 walikuwa wameshajifunza kusoma bei kabla ya kusema ndiyo.

Na hawakuishia 1898. Mwaka 1987 walipiga kura kuhusu mpango wa kuboresha reli nchi nzima, treni zipishane na kusubiriana stesheni ili abiria asikae saa nzima anangoja. Mwaka 1992 wakapiga kura kuhusu mahandaki mapya ya Alps. Mwaka 1998 wakakubali tozo kwa malori mazito, kisha wakakubali mfuko wa kulipia reli. Mwaka 2014 tena, mfuko mwingine wa reli. Kila mara mwananchi alijua anakubali kulipa nini na anapata nini.

Mwaka 2016 handaki jipya la Gotthard likafunguliwa, kilomita 57, refu kuliko handaki lolote la reli duniani. Siku ya ufunguzi marais na mawaziri wakuu wa Ulaya walikuwepo. Lakini abiria wa kwanza kulipita walikuwa raia wa kawaida wapatao elfu moja, waliopatikana kwa bahati nasibu. Wakubwa walifuata nyuma. Hebu fikiria mzinduo wa kwetu wa namna hiyo: mama ntilie wa Karatu ndani ya behewa la kwanza, mkuu wa mkoa anasubiri zamu yake kwenye jukwaa la stesheni.

Mkataba wa reli na mkataba wa bandari

Kuna kisa kingine cha Gotthard ambacho kila kijana wa chama chetu anapaswa kukijua.

Serikali ya Uswisi ilipoichukua reli ya Gotthard, Ujerumani na Italia, ambazo zilitoa pesa mwanzoni, zilidai masharti yao yaendelee. Mwaka 1909 serikali ikasaini nao mkataba. Wananchi walipousoma wakaona taifa limefungwa mikono kuhusu nauli za reli yake lenyewe. Nchi ikawaka. Zaidi ya watu laki moja wakatia sahihi kuupinga. Bunge likauridhia hivyo hivyo mwaka 1913.

Waswisi walishindwa raundi ile, lakini hawakurudi nyumbani kulala. Wakadai katiba ibadilishwe ili mikataba mikubwa ya kimataifa iweze kupigiwa kura na wananchi. Januari 1921 haki hiyo ikapitishwa kwa kura. Mkataba mbaya wa reli ukazaa haki ya kudumu.

Sasa rudi Tanzania, mwaka 2023. Bunge liliridhia mkataba wa bandari na Dubai mwezi Juni. Wananchi wakauliza maswali yale yale ya Waswisi: mkataba unaisha lini, tukitaka kutoka tunatokaje, kwa nini tunausoma baada ya kusainiwa? Majibu yalikuwa nini? Agosti mwaka ule waliokamatwa kwa kuukosoa hadharani ni pamoja na Dk. Willibrod Slaa, mtu aliyekuwa mbunge wetu wa Karatu kuanzia 1995 hadi 2010. Polisi wakataja neno uhaini. Yaani mzee amehoji bandari, anaambiwa anaipindua nchi.

Hapo ndipo tunapoachana na Uswisi. Pesa tungeweza kukopa kama wao walivyokopa, na mafundi tunao. Wao mwananchi aliyekataa mkataba alipewa karatasi ya kura. Sisi alipewa pingu.

Mlima, wanyama na watu

Wengine watasema Karatu na Ngorongoro ni suala tofauti, pale kuna hifadhi, reli itaua utalii. Hoja hii ina uzito na tusiipuuze. Hoteli, magari ya watalii, waongozaji, wauza shanga, sehemu kubwa ya mzunguko wa pesa wa Karatu mjini inategemea lile lango la Ngorongoro.

Waswisi nao wanaishi kwa milima yao. Mwaka 1994 wananchi walipiga kura kulinda Alps kwa kuhamisha mizigo inayovuka nchi kutoka kwenye malori kwenda kwenye treni. Kwao reli ndiyo iliyoitwa kuokoa mazingira. Moja ya reli zao za milimani, ile ya Albula na Bernina, iliingizwa mwaka 2008 kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, orodha ile ile ambayo Ngorongoro imo tangu 1979. Hatusemi treni ipite kreta. Tunasema reli na hifadhi zinaweza kuongea, mradi wenyeji wawepo kwenye mazungumzo.

Na wenyeji wa Ngorongoro wamezoea kuongelewa, siyo kuongea. Mwaka 1959 walihamishwa Serengeti wakaambiwa Ngorongoro ndiyo kwenu. Leo wanaambiwa kwenu ni Msomera, Handeni. Juni 2022 Loliondo vilisimikwa vigingi kuzunguka kilomita za mraba 1,500 za malisho. Wananchi wakajeruhiwa, askari mmoja akapoteza maisha, familia zikavuka kwenda Kenya. Agosti 2024 likatoka tangazo la serikali la kufuta kata na vijiji vya Ngorongoro, huku wakazi wakilalamika kwamba hata taarifa zao za wapiga kura zimehamishiwa Msomera. Maelfu wakatoka na mashuka yao mekundu wakasimama barabarani. Ndani ya siku chache Mahakama Kuu Arusha ikasimamisha lile tangazo, na waziri akatumwa kuja kuongea nao.

Kumbukeni pia barabara ya Serengeti. Mwaka 2010 serikali ilitangaza kujenga barabara kuu kutoka Mto wa Mbu kupitia Loliondo hadi Musoma, ikikatiza kaskazini mwa Serengeti. Wanaharakati wa wanyama wakaenda Mahakama ya Afrika Mashariki, na Juni 2014 mahakama ikazuia lami ndani ya hifadhi. Serikali ilikuwa na wanasheria wake, wanyama walikuwa na wanasheria wao. Mama wa Loliondo anayejifungulia njiani kwa sababu gari limekwama hakuwa na mtu mle ndani.

Haya yote yanakuja tena, kwa sababu mpango wa reli ya kisasa ya Tanga, Arusha hadi Musoma upo mezani serikalini, zaidi ya kilomita 1,000. Chukua rula, weka kwenye ramani kutoka Arusha hadi Musoma. Katikati utaikuta wilaya ya Ngorongoro, halafu Serengeti. Iwe reli itapita huko au itazungushwa, kuna kijiji kitakachoamka asubuhi na kukuta kigingi.

Vitunguu havipo kwenye ramani

Kitu kingine kinachotuuma ni hiki. Katika mpango huo wa Tanga hadi Musoma kuna matawi mawili yanayotajwa kila mara: moja kwenda Engaruka, jingine Minjingu. Engaruka kuna magadi. Minjingu kuna madini ya fosfati ya mbolea. Sawa, madini ni mali na mbolea tunaihitaji sisi wakulima. Lakini soma tena orodha hiyo. Imeandikwa na mtu aliyeanza kwa kuuliza kuna nini ardhini. Hakuna aliyeanza kwa kuuliza nani anaishi juu yake na anauza nini. Mjerumani wa 1893 angeielewa haraka sana.

Nenda Mang'ola Barazani wakati wa mavuno. Vitunguu vimerundikwa kama vichuguu. Dalali anapanga bei, gunia linashonwa lumbesa, Fuso linasubiri. Mkulima hana ghala, hana mzani wake, hana usafiri mwingine. Mvua ikinyesha barabara ikaharibika, bei inashuka siku hiyo hiyo, maana kitunguu hakijui kusubiri. Kwenye Fuso mzigo unakwenda Arusha, mwingine unavuka Namanga, na kila kituo kuna mkono unanyooshwa. Mwisho wa hesabu, aliyelima anabaki na pesa ya kulipia deni la dawa na mashine ya maji.

Juu huko Ngorongoro, ndani ya hifadhi, watu hawaruhusiwi kulima. Mahindi yao yanapanda kutoka Karatu. Ng'ombe wao wanashuka kuuzwa kwenye minada ya huku. Gharama ya gari ikipanda, Mmasai anauza ng'ombe kwa bei ya chini na kununua debe la mahindi kwa bei ya juu. Kwa hiyo usafiri wa mizigo ni suala moja kwa wilaya zote mbili, hata kama siasa za kutugawa zinataka tuamini Mwiraqw na Mmasai hawana jambo la pamoja.

Tuwe wakweli na kwenye ufundi. Kutoka Mto wa Mbu hadi Rhotia ni kupanda ule ukuta wa Bonde la Ufa. Treni ya mizigo haipandi pale kama Noah. Waswisi wamepanda kwenye kuta kali zaidi, lakini kwa gharama kubwa na kwa miaka mingi. Hatutawadanganya vijana wa Karatu kwamba stesheni itajengwa pale karibu na stendi keshokutwa. Atakayekuja kuahidi hivyo jukwaani, wa chama chochote, muulizeni michoro iko wapi.

Kinachowezekana ni cha kawaida kabisa. Minjingu iko jirani na Makuyuni, na Makuyuni ndiyo njia panda ya kuja Karatu, Ngorongoro na Serengeti. Tawi la Minjingu likijengwa kwa ajili ya fosfati, kwa nini pasiwe na stesheni ya mizigo hapo karibu, yenye ghala, mizani ya haki na mabehewa ya baridi? Kitunguu cha Mang'ola, kahawa ya Oldeani, mbaazi na ngano za Karatu, ng'ombe wa Ngorongoro, vyote vikutane hapo na kushuka hadi Tanga bandarini. Hilo ni wazo letu. Huenda wahandisi wana bora zaidi. Waje basi tulijadili kwenye mkutano wa kijiji.

Reli inaanzia kitongojini

Sasa tufike kwenye siasa yenyewe, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Mtu anadhani reli ni mambo ya ikulu na wizara. Hapana, kamanda. Ardhi ambayo reli itapita ni ya kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakipa kijiji usimamizi wa ardhi yake, na mkutano mkuu wa kijiji unatajwa humo kwa jina. Mwenyekiti wa kijiji ndiye atakayepigiwa simu kwanza. Mwenyekiti huyo akiwa amepatikana kwa kura zenu, ataitisha mkutano. Akiwa amepatikana kwa wapinzani wake kuenguliwa majina, atatia muhuri na kurudi kunywa chai.

Novemba 2024 mliona wagombea wetu walivyoenguliwa kwa wingi: huyu kakosea herufi, yule fomu yake haikuonekana, mwingine ofisi ilifungwa alipofika. Wengine wakasema, "Ah, uchaguzi wa vitongoji tu, tusubiri mkubwa." Si wa vitongoji tu. Ni uchaguzi wa mtu atakayesimama au kulala siku kigingi kinaposimikwa shambani kwa bibi yako.

Karatu inajua kuchagua. Kuanzia 1995 hadi 2020 wilaya hii ilikuwa na mbunge wa upinzani, vipindi vitano mfululizo. Wazee wetu walifanya hivyo bila simu za kisasa, bila magrupu, kwa kutembea kwa miguu kijiji kwa kijiji. Ngorongoro nayo, Agosti 2024, ilionyesha kwamba watu wakisimama pamoja bila jiwe wala fimbo kurushwa, tangazo la serikali linarudi nyuma. Hatuhitaji kufundishwa ujasiri na Uswisi. Tunachokikosa ni utaratibu wa kikatiba unaofanya sauti ile isihitaji kufunga barabara kila mara ndipo isikike.

Msije mkaambiwa kura ya maoni ni mambo ya wazungu. Wazanzibari walipiga kura ya maoni Julai 2010 kuhusu serikali ya umoja wa kitaifa, na ilifanyika kwa amani. Huku bara tuliahidiwa kura ya maoni ya Katiba Aprili 2015. Ikaahirishwa. Mpaka leo haijapigwa.

Tunachodai

1. Upembuzi yakinifu wa reli ya Tanga, Arusha hadi Musoma uwekwe hadharani kwa Kiswahili, pamoja na ramani ya njia zote zilizofikiriwa, na nakala ifike kila ofisi ya kijiji inayoguswa.

2. Kigingi kisisimikwe popote Karatu wala Ngorongoro kabla ya mkutano mkuu wa kijiji kukaa, muhtasari kuandikwa na fidia kulipwa. Fidia kwanza, greda baadaye.

3. Mzigo wa mkulima na mfugaji uingizwe kwenye mpango kama magadi na fosfati zilivyoingizwa: stesheni ya mizigo upande wa Makuyuni, na barabara ya Mang'ola ipitike masika na kiangazi.

4. Mkataba na mkopo wowote wa reli usomwe hadharani kabla ya kusainiwa: riba, muda, dhamana, na namna ya kutoka.

5. Katiba mpya impe mwananchi haki ya kukusanya sahihi na kudai kura ya maoni, kitaifa na wilayani, juu ya miradi inayogusa ardhi yake na deni la wajukuu wake.

Na kazi ya wiki hii, kamanda, ni ndogo. Nenda ofisi ya kijiji chako uombe kuona muhtasari wa mkutano mkuu wa mwisho. Angalia ulifanyika lini, na kama ardhi ilijadiliwa. Ukiambiwa haupo, au ofisi imefungwa, andika tarehe na saa, lete kwenye tawi. Tutazikusanya zote na kuzitangaza kijiji kwa kijiji.

Waswisi wa 1891 walisema hapana, wakasoma tena hesabu, na baada ya miaka saba wakasema ndiyo kwa masharti yao. Reli waliyoipata wanaipanda mpaka leo. Siku treni itakapofika upande wetu tunataka kupanda tukijua nani aliamua, kwa bei gani, na kwamba tulikuwepo.

Nguvu ya umma!